Ikisiri Si Makala

Msomaji, wako watu wengi, na baadhi yao ni wenye shahada, wasemao kwamba mtu aliyesoma ikisiri ya makala ya utabibu amesoma makala yenyewe. Nataka kuwapinga watu hao katika kurasa hizi, tena nitawapinga bila ya kuwastahi, kwa kuwa jambo wanalolifanyia wepesi ni jambo la miili ya watu. Ikisiri ni ule muhtasari wa maneno mia mbili au mia tatu unaowekwa juu ya makala ya kitaalamu ili msomaji ajue kama makala yale yamfaa au hayamfai. Ni kibao cha mlangoni. Kibao chaweza kukuarifu kwamba ndani ya nyumba yumo fundi cherehani, lakini hakiwezi kukupima mabega wala kukushonea nguo.

Udhaifu huu nauona kila muhula katika chuo cha ualimu nifundishapo. Wanafunzi wangu ni watu wazima, watakaosimama kesho mbele ya watoto wa shule na kuwafundisha habari za malaria, minyoo na chanjo. Huniletea insha zilizotaja makala kumi na mawili, na nikiwauliza utafiti fulani ulifanywa wapi, kwa watu wangapi, wa umri gani, hunitazama kama niliyewauliza idadi ya nyota. Walichosoma ni ikisiri kumi na mbili. Sikusudii kuwacheka. Waliambiwa waende maktabani wakatafute, na aliyewaambia hivyo hakuketi nao hata siku moja mbele ya kompyuta ya maktaba akawaonyesha pa kuingilia. Lakini upungufu wa mafunzo hauondoi hatari yake, na hatari hiyo nitaieleza kwa mifano ambayo yeyote aweza kuichunguza.

Tarehe 10 Januari 1980, jarida la tiba liitwalo New England Journal of Medicine, la huko Marekani, lilichapa barua ya aya moja kutoka kwa Jane Porter na Hershel Jick. Waandishi hao walikuwa wametazama kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitalini. Miongoni mwao wagonjwa 11,882 walikuwa wamepewa, angalau mara moja, dawa kali za kutuliza maumivu zilizo za jamii ya afyuni. Na kwa wale ambao hawakuwa na historia ya uraibu, walionekana wanne tu walioingia katika uraibu uliothibitishwa. Hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Barua haikutaja mgonjwa apewaye chupa ya vidonge akarudi nayo nyumbani akavimeza miezi sita. Haikutaja hata wale waliolazwa walipewa dawa kwa siku ngapi. Lakini kichwa chake kilikuwa kitamu, kwani kilisema kwamba uraibu ni nadra kwa wagonjwa watibiwao kwa dawa hizo, na kichwa hicho kikatembea peke yake ulimwenguni, mwili ukabaki katika jalada la mwaka 1980.

Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walichapa, katika jarida lilelile, hesabu ya walioitaja barua hiyo. Waliona kwamba ilikuwa imetajwa mara 608. Katika maandiko 439 ilitajwa kuwa ni ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Na katika 491 mwandishi hakusema kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa hospitalini. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya vifo 183,000 vilivyotokana na dawa za namna hiyo zilizoandikwa na madaktari viliripotiwa Marekani. Sisemi kwamba barua moja iliwaua watu hao. Walikuwako wauza dawa waliotia fedha nyingi na hila nyingi katika biashara ile. Nasema kwamba wauza dawa wale walipata wasaidizi wa bure, nao ni watu wenye elimu waliokuwa wakitaja andiko wasilolisoma, andiko ambalo husomwa likaisha kabla chai haijapoa.

Yumkini utaniambia kwamba hiyo ilikuwa barua tu, na kwamba ikisiri ya makala makubwa huandikwa na mwandishi mwenyewe, basi itakosaje? Hukosa mara nyingi. Mwaka 1999 Roy Pitkin na wenzake walitangaza katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani matokeo ya kulinganisha ikisiri na makala zilimotoka, katika majarida sita makubwa ya tiba. Katika jarida lililofanya vizuri kuliko yote, ikisiri 18 katika kila 100 zilikuwa na habari isiyopatana na makala, au isiyomo kabisa katika makala. Katika jarida lililofanya vibaya kuliko yote, zilikuwa 68 katika kila 100. Hayo yalikuwa majarida makubwa yenye wahariri hodari.

Tusijifariji kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo. Mwezi Mei mwaka 2011, Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha Kilifi, pamoja na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania, walichapa matokeo ya utafiti uliowatikisa madaktari wa watoto. Watoto 3,141 waliofikishwa hospitalini wakiwa na homa kali, na dalili kwamba damu haizunguki mwilini sawasawa, waligawanywa katika mafungu matatu. Mafungu mawili yalimiminiwa maji mengi mishipani kwa haraka, kama ilivyokuwa imeshauriwa katika vitabu. Fungu la tatu halikumiminiwa, lilipewa matibabu mengine yote na maji ya kiasi tu. Baada ya saa 48, katika mafungu yaliyomiminiwa walikuwa wamekufa 10.6 na 10.5 kwa mia. Katika fungu lisilomiminiwa walikufa 7.3 kwa mia. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufika mwisho wake.

Sasa, mtu aliyepata habari hii juu juu huondoka na neno moja tu, kwamba maji huua watoto. Mfikirie muuguzi wa zahanati ya mbali aliyeshika neno hilo, analetewa mtoto aliyeharisha siku mbili, macho yameingia ndani na ngozi imelegea. Akimnyima maji, mtoto atamfia mikononi. Makala yanasema waziwazi kwamba watoto wenye maradhi ya kuharisha na kutapika, na wale wenye utapiamlo, hawakuingizwa katika utafiti. Ni haki niseme kwamba hata ikisiri yake inalitaja hilo, kwa sentensi moja fupi ambayo mwenye haraka huiruka. Lakini ikisiri haikuambii kwamba karibu mtoto mmoja katika kila watatu alikuwa na upungufu mkubwa sana wa damu, wala haikuelezi kwamba hospitali zile hazikuwa na mashine za kumpumulia mgonjwa. Mambo hayo ndiyo yamwambiayo tabibu wa kwetu kwamba makala yanazungumza juu ya wodi yake, na ndiyo yamfanyayo tabibu wa London atue na kufikiri kabla hajayahamishia kwake. Yamo katika makala kamili. Hayamo mahali pengine.

Mpaka hapa nimewalaumu wasomaji. Ingekuwa dhuluma kuwaacha wenye kufuli.

Mwaka 1982 watafiti kutoka Ulaya walichapa makala katika jarida la Ulaya la elimu ya virusi. Walikuwa wamepima damu ya watu wa vijijini nchini Liberia, wakakuta kwa baadhi yao kingamwili za Ebola, yaani alama ambazo mwili hubaki nazo baada ya kupambana na kirusi kile. Wakaandika kwamba Liberia yapasa kuhesabiwa miongoni mwa nchi ambamo Ebola inakaa. Miaka 32 ikapita. Mwaka 2014 Ebola ikalipuka, na katika Liberia peke yake ikaua watu zaidi ya 4,800, miongoni mwao madaktari na wauguzi waliokuwa wameaminishwa kwamba ugonjwa ule ni wa nchi nyingine. Mwezi Aprili 2015 Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu wa serikali ya Liberia, aliandika pamoja na wenzake wawili katika gazeti la New York Times kueleza habari ya makala yale waliyoyagundua wakiwa wamechelewa. Walisema kwamba kuyapata makala ya namna hiyo kwa njia ya kompyuta kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, yaani kama nusu ya mshahara wake wa juma. Walisema pia kwamba hapakuwa na mwanasayansi hata mmoja wa Liberia miongoni mwa walioandika.

Damu ilitoka Liberia. Makala yalikwenda Ulaya. Mliberia aliyetaka kujua damu ya jirani zake ilisema nini aliambiwa kwanza alipe.

Wachapishaji wana jibu lao, nami nalijua: kuhariri kuna gharama, kuchapa kuna gharama, kuhifadhi kuna gharama. Ni kweli. Lakini utafiti wenyewe mara nyingi hulipiwa na kodi za wananchi au na mifuko ya hisani; mwandishi wa makala kwa kawaida halipwi na jarida; na wataalamu wanaoyakagua makala kabla ya kuchapwa kwa kawaida hufanya kazi hiyo bila ujira. Baada ya hayo yote, bidhaa huuzwa kwa maktaba za vyuo vilevile vilivyoitengeneza. Biashara ambayo mali ghafi yake ni sadaka ingefaa kuona haya inapopanga bei. Na kwamba mambo yaweza kuwa vingine, Marekani yenyewe imeonyesha. Tangu mwaka 2008 utafiti uliogharimiwa na taasisi zao za taifa za afya ulipaswa kuwekwa wazi kwa watu wote ndani ya miezi 12, na tangu tarehe 1 Julai 2025 hata hiyo miezi 12 imeondolewa. Majarida hayakufa kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, na hapa ndipo pananiuma zaidi, kufuli za wachapishaji zimekuwa kisingizio cha watu ambao hawajawahi kushika kitasa. Hapa kwetu iko milango mingi iliyokwisha kulipiwa, nayo haiingiwi. Mwezi Januari 2002 Shirika la Afya Duniani, pamoja na wachapishaji wakubwa sita, lilifungua mpango uitwao Hinari, ambao huzipa hospitali, vyuo vya uuguzi, vyuo vikuu na ofisi za serikali katika nchi zisizo tajiri maelfu ya majarida ya tiba kwa bure au kwa ada ndogo. Sharti lake ni kwamba taasisi ndiyo ijiandikishe, si mtu mmoja mmoja. Kisha mkutubi hupewa jina na neno la siri la kuingilia kwa niaba ya wote. Maktaba za vyuo na taasisi za Kenya nazo zimeungana katika chama kiitwacho KLISC, ili zilipie majarida kwa pamoja na kugawana mzigo. Si milango isiyoyumba: mwezi Januari 2011 baadhi ya wachapishaji waliondoa majarida yao zaidi ya 2,000 kwa wasomaji wa Bangladesh kupitia Hinari, wakayarudisha baada ya kelele kupigwa. Lakini ipo.

Naijua hospitali moja ambayo neno lake la siri la Hinari lilikaa ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya saraka, na saraka ikafungwa kwa ufunguo. Mwenye ufunguo alipohamishwa, aliondoka nao. Wauguzi wa hospitali ile, kwa miaka isiyopungua miwili, walikuwa na haki ya kusoma maelfu ya majarida na hawakusoma hata moja. Mchapishaji wa Ulaya hakuhusika na saraka ile.

Basi na nikueleze njia, maana kulaumu bila kuonyesha njia ni kazi rahisi mno. Kwanza tofautisha orodha na ghala. PubMed, iliyofunguliwa bure kwa watu wote mwaka 1997 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ni orodha. Ina habari za maandiko zaidi ya milioni 35, lakini kwa kila andiko hukupa jina, waandishi na aghalabu ikisiri, basi. Ndugu yake, PubMed Central, iliyoanza mwaka 2000, ni ghala: humo mamilioni ya makala yamewekwa kamili, tangu neno la kwanza hata jedwali la mwisho, nayo husomwa bila malipo. Wanafunzi wengi huingia katika orodha wakidhani wamo ghalani, wakaikuta ikisiri, wakatosheka.

Tuseme wataka kujua habari za kifafa cha mimba. Daktari mmoja huuita ugonjwa huo kwa jina hili, mwingine kwa jina lile. Ndiyo maana tangu mwaka 1960 maktaba ile ya tiba imekuwa na orodha ya vichwa vya mada, ili maandiko yote ya ugonjwa mmoja yapangwe chini ya jina moja. Muulize mkutubi akuonyeshe kichwa hicho, utumie hicho na si neno la kubahatisha. Kisha jifunze maneno mawili ya Kiingereza yaandikwayo kwa herufi kubwa, AND na OR. La kwanza hupunguza: ukiandika jina la ugonjwa, kisha AND, kisha Kenya, utaletewa tu maandiko yaliyo na yote mawili. La pili huongeza: Kenya OR Uganda hukuletea ya huku na ya huko. Yako mengine ya kujifunza, lakini kwa hayo mawili tu nimemwona mwanafunzi akishuka kutoka maandiko elfu tisa hadi arobaini kabla ya kengele ya chakula.

Ukikwisha kulipata andiko unalolitaka, usibonyeze pale paonyeshapo bei. Napakazia hapo kwa sababu ndipo wengi hugeuka na kurudi nyuma. Dirisha la bei ni la mgeni apitaye barabarani. Haliwezi kujua kwamba chuo chako kimekwisha kulipa. Toka, uingie kupitia tovuti ya maktaba yako kwa namba yako na neno lako la siri, kisha ulitafute andiko lilelile humo. Mara nyingi bei itakuwa imetoweka, na mahali pake pameandikwa makala kamili. Likikosekana humo, andika jina lake lote katika PubMed Central. Ikiwa ni jarida la Afrika, tazama AJOL, ghala la majarida ya Afrika lililoanzishwa mwaka 1998, ambamo utayakuta mengi ambayo maktaba za Ulaya hazijali kuyanunua. Likikosekana kote huko, mwombe mkutubi aliazime kutoka maktaba nyingine, kwani hiyo ni sehemu ya kazi yake wala si hisani. Tena usisahau kwamba si kila jarida la bure ni jarida la kweli. Wako matapeli wachapao chochote mradi mwandishi alipe, na mkutubi mzuri atakusaidia kuwatambua.

Wako wataosema kwamba makala kamili ni ya madaktari, na mtoto wa sekondari hawezi kuyafahamu. Siamini. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ajuaye asilimia aweza kuuliza ni watu gani waliochunguzwa, wangapi, wapi, walilinganishwa na nani, na ni nani aliyelipa. Na majibu ya maswali hayo yameandikwa kwa maneno mepesi kuliko mashairi mengi tunayowatahini. Wengine watasema siku hizi kuna mashine zenye akili ya kubuni, zinazoweza kukufupishia kila kitu. Mashine hizo zimewahi kutaja makala ambayo hayajaandikwa na mtu yeyote, na mahali ambapo makala yamefungwa nazo pia aghalabu huambulia ikisiri kama wewe. Mtu aliyekataa kusoma amempata mtumishi asiyesoma.

Imebaki njia moja. Chini ya kichwa cha makala, au mwishoni mwake, au hata pembeni ya ikisiri, huwa pameandikwa anwani ya barua pepe ya mmoja wa waandishi. Mwandikie. Wengi hupenda kazi yao isomwe, nao kwa kawaida wanaruhusiwa kumpelekea msomaji nakala. Andika kwa adabu na kwa ufupi, taja shule yako na jambo unalotaka kulijua. Nakala ikija, anza kusoma pale panapoelezwa utafiti ulivyofanywa, na matokeo uyasome baadaye.